Gari la Mlimani Huchaguliwa kwa Njia, Si kwa Macho

Mvua za Septemba zinapoanza kuishukia milima ya Masisi, barabara ya kandokando ya Ziwa Kivu hubadilika tabia. Mahali ambapo malori yalipita mwezi wa Julai yakitimua vumbi, sasa huacha mifereji miwili iliyojaa tope. Kutoka Sake kupita Shasha na Bweremana hadi Minova, safari ya saa chache yaweza kuwa safari ya kutwa. Na kwa yule anayepanda vilimani kuelekea Ngungu, siku nyingine hakuna safari kabisa. Viazi huoza ghalani, maharagwe huuzwa kwa bei yoyote apendayo mnunuzi, na mgonjwa huchukuliwa mabegani kwa machela. Ndipo wenye mashamba husema neno lile lile kila mwaka: “Lau tungekuwa na pikapu yetu wenyewe, ile inayosukumwa na magurudumu yote manne!”

Wapenzi wasomaji, neno hilo si la upuuzi. Lakini yafaa tukumbuke kwamba pikapu ya namna hiyo ni mali yenye thamani kuliko nyumba za wengi wetu. Ikichaguliwa vema, yaweza kulisha jamaa tatu na kuwasomesha watoto wao. Ikichaguliwa vibaya, itakula akiba ya miaka kumi kwa mwaka mmoja, kisha itabaki uani, kuku wakitaga mayai chini yake. Basi na tulizungumze jambo hili kwa utulivu, kabla fedha haijatoka mfukoni. Shauri letu ni hili: gari lisichaguliwe kwa kutazama linavyong'aa, bali kwa kuitazama njia iliyo mbaya kuliko zote litakazopita kila juma, na kwa kumtazama fundi atakayelitengeneza.

Baridi ya Ulaya na mvua ya kwetu

Mengi ya magari haya na matairi yake yalitengenezwa kwa kuwafikiria pia watu wa nchi za baridi. Huko Ulaya na Kanada adui wa dereva ni theluji na barafu. Kwetu adui ni udongo mzito ulionyeshewa usiku kucha. Maadui hawa wawili ni ndugu, kwa kuwa wote huondoa mshiko wa tairi. Walakini si mapacha, na mnunuzi asiyejua tofauti yao hudanganyika kwa urahisi. Tutaje mambo matatu.

Jambo la kwanza ni alama. Ubavuni mwa matairi mengi utaona herufi M+S, maana yake matope na theluji. Wauzaji huzionyesha kwa fahari. Lakini herufi hizo hutiwa na mwenye kiwanda mwenyewe, na hazithibitishi kwamba tairi hilo laweza udongo wa Masisi. Kuna alama nyingine, mlima wenye vilele vitatu na ndani yake chembe ya theluji. Hiyo ni ya tairi lililojaribiwa kwa theluji kweli kweli. Mpira wa matairi ya kipupwe cha Ulaya ni laini, ili usigande kwa baridi. Katika nchi zenye joto huisha upesi.

Jambo la pili ni chumvi. Katika nchi nyingi za theluji, serikali humwaga chumvi barabarani ili barafu iyeyuke. Chumvi hiyo hurukia chini ya gari na kula chuma miaka kwa miaka. Pikapu iliyotumika Ulaya yaweza kung'aa juu kama sahani, na chasisi yake ikawa imeoza kama mti ulioliwa na mchwa. Kwa hiyo mnunuzi asiogope kuchafua nguo. Alale chini, amulike kwa tochi, agonge chasisi kwa nyundo ndogo tangu mbele hata nyuma. Chuma kizima hulia. Chuma kilichooza hunyamaza au humeguka.

Jambo la tatu ni usukani. Katika Kongo twaendesha upande wa kulia, na kwa hiyo usukani wetu wapasa kuwa kushoto. Magari mengi yaliyotumika Japani, Uganda, Kenya au Tanzania yana usukani kulia. Dereva wa gari kama hilo, akiwa nyuma ya lori katika kona za mlimani, haoni kinachokuja mbele mpaka ametoa nusu ya gari lake katikati ya njia. Bei yake huwa nafuu, lakini unafuu huo hulipwa siku moja na watu walioketi ndani.

Njia tatu, magumu matatu

Mtu wa Bweremana hana njia ya namna moja. Ana njia tatu, na kila moja ina ugumu wake.

Ya kwanza ni ile ya ziwani kuelekea Goma. Ukishapita Sake na kukaribia mji, waingia katika nchi ya mawe ya moto yaliyopoa, yaliyomwagwa na volkano. Nyiragongo ilitapika mwaka 1977, mwaka 2002 na tena tarehe 22 Mei 2021. Mawe hayo yana makali kama chupa iliyovunjika, nayo hukata ubavu wa tairi, mahali pasipozibika kwa kiraka. Huko adui si utelezi, ni ukali wa mawe.

Ya pili ni njia ya kupanda vilimani. Ziwa Kivu liko mita 1,460 hivi juu ya bahari, na mashamba mengi ya viazi na malisho ya ng'ombe wa Masisi yako juu ya mita 2,000. Huko njia ni ya udongo, nyembamba, yenye mteremko upande mmoja na ukuta wa mlima upande wa pili. Mvua ikinyesha, udongo hujaza meno ya tairi hata tairi lenye meno likawa kama upara.

Ya tatu ni njia ya magharibi, kupita Masisi na kushuka Walikale, katika msitu mkubwa. Huko malori mazito yamechimba mifereji yenye kina, ambayo magurudumu yao huipita kwa sababu ni makubwa na tumbo la lori liko juu. Pikapu ikiingia katika mifereji hiyo, tumbo lake hukaa juu ya tuta la katikati, na magurudumu manne huzunguka hewani au ndani ya uji wa tope. Magurudumu manne hayamsaidii mtu aliyeketi juu ya tumbo. Ndiyo maana twasema: anayefikiria Walikale atazame kwanza urefu wa nafasi kati ya tumbo la gari na ardhi, kisha mambo mengine. Tena ajue kwamba mahali pengine katika njia hiyo, majira ya mvua, pikapu yoyote hushindwa, na mizigo huendelea kwa pikipiki au kwa vichwa vya watu.

Nguvu ya magurudumu manne ni nini?

Wengi husema neno hili bila kulielewa, na wauzaji hawalisemi lote. Katika gari la kawaida injini husukuma magurudumu mawili tu. Hayo yakiteleza, gari limekwama, hata kama mengine mawili yamesimama juu ya jiwe kavu. Katika pikapu tunayoizungumzia kuna giaboksi ndogo nyuma ya ile kubwa, nayo hugawa nguvu mbele na nyuma. Nafasi zake tatu zafaa kujulikana na kila mwenye kununua. Nafasi ya 2H ni ya magurudumu mawili, kwa barabara njema. Nafasi ya 4H ni ya magurudumu manne kwa mwendo wa kawaida, kwa njia yenye utelezi. Nafasi ya 4L ni ya magurudumu manne kwa mwendo wa pole sana: magurudumu huzunguka polepole karibu mara mbili na nusu kuliko katika 4H, na nguvu ya kuvuta huongezeka kwa kadiri hiyo hiyo.

Hiyo 4L ndiyo gari la mlimani hasa. Siku hizi kuna magari mazuri ya mjini yenye nguvu kwenye magurudumu manne lakini bila nafasi hiyo ya pole. Hayo yanafaa theluji kidogo katika barabara za Ulaya. Kupanda Ngungu na magunia siku ya mvua si kazi yao.

Tena kuna siri ya difu. Difu ina tabia ya kupeleka mwendo kwenye gurudumu lililo jepesi kuzunguka. Gurudumu moja likining'inia hewani, hilo huzunguka bure, na mwenzake aliye juu ya ardhi ngumu husimama. Kwa sababu hiyo gari la magurudumu manne laweza kukwama huku mawili tu yakizunguka, moja mbele na moja nyuma. Dawa yake ni kufuli ya difu ya nyuma, ambayo huyalazimisha magurudumu mawili ya nyuma yaende pamoja. Kama pikapu mbili zinalingana kwa mengine yote, chukua ile yenye kufuli.

Katika magari mengi ya zamani, dereva lazima ashuke na kufunga kwa mkono vifungo vilivyo katikati ya magurudumu ya mbele. Asipofunga, atavuta mkono wa gia bure, kwa kuwa nguvu haifiki mbele. Na juu ya lami kavu asitumie magurudumu manne, kwa maana kwenye kona magurudumu ya mbele na ya nyuma hayazunguki sawasawa, na giaboksi ndogo hulipa gharama.

Neno moja zaidi, nalo ni zito: nguvu ya kupanda si nguvu ya kusimama. Kila gari, hata teksi ya mjini, lina breki katika magurudumu yote manne. Aliyenunua pikapu ya nguvu hasimami upesi kuliko mwenzake anapokuwa kwenye tope. Madereva wengi hupanda salama kwa sababu ya magurudumu manne, kisha hufa katika kushuka kwa sababu ya kuyategemea. Ateremkaye aweke 4L na gia ya kwanza kabla ya kuanza kushuka, aiache injini ilizuie gari, na mguu uguse breki kwa upole tu.

Injini: nguvu au unyenyekevu?

Hapa tunafika kwenye shauri gumu. Kadiri mtu anavyopanda, hewa hupungua uzito. Kwenye mita 2,000 hewa ni pungufu kwa karibu sehemu moja ya tano kuliko pwani ya bahari. Injini ya dizeli isiyo na taba ya kusukuma hewa, yaani isiyo na tabo, hupoteza nguvu kwa kadiri hiyo. Injini yenye tabo haisikii sana upungufu huo.

Kwa hesabu hiyo mtu angesema: tununue tabo. Lakini ngoja. Injini mpya zenye tabo hupuliza dizeli kwa shinikizo kubwa mno, kwa njia ya nozeli zenye matundu membamba sana zinazoongozwa na umeme. Zinataka dizeli safi. Dizeli ya kandokando ya njia, iliyokaa katika madumu na mapipa, mara nyingi ina maji na uchafu. Tone la maji katika nozeli ya namna hiyo laweza kumgharimu mtu mavuno ya msimu mzima, na fundi wa kijijini hana mashine ya kuipima.

Injini ya zamani, ambayo pampu yake ya dizeli huendeshwa kwa gia tu bila kompyuta, ina nguvu chache mlimani, hunywa zaidi, hupiga kelele. Lakini fundi mwenye spana na busara huweza kuifungua chini ya mwembe na kuifunga tena jioni. Mfano wake ni injini ya Toyota iitwayo 1HZ, ya silinda sita na lita 4.2, iliyotokea mwaka 1990. Imebeba pikapu za Land Cruiser katika Afrika yote.

Shauri letu ni hili. Mtu akaaye karibu na Goma, anayepata dizeli ya kituo na fundi mwenye vyombo, anaweza kuchukua injini ya tabo. Mtu akaaye juu vilimani, au anayefika Walikale, achague ile inayofahamika na fundi wa karibu naye. Na wote wawili wafanye jambo hili dogo: dizeli ya dumu iwekwe kwanza katika chupa nyeupe, isimame kwa muda. Maji ni mazito kuliko dizeli, hushuka chini na kuonekana. Kisha watazame chujio la dizeli na kuondoa maji yake mara kwa mara. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Pikapu zilizopo sokoni

Wazee wetu waliona Land Rover kwanza, gari lililoonyeshwa Amsterdam mwaka 1948, lenye mwili wa aluminiamu usioshika kutu kama chuma. Utengenezaji wa aina ile ya zamani ulikoma mwaka 2016, na spea za kweli zaanza kuwa adimu vijijini. Tunaiheshimu, lakini hatumshauri mtu kuanza maisha ya uchukuzi kwayo, isipokuwa yeye mwenyewe ni fundi wake.

Siku hizi macho ya wengi yako kwenye Toyota mbili. Hilux ilizaliwa mwaka 1968, na ile ya magurudumu manne ilifuata mwaka 1979. Ni nyepesi, hunywa kiasi, na fundi asiyeijua hapatikani. Hilux za tangu mwaka 2005 hivi zina magurudumu ya mbele yanayopanda na kushuka kila moja peke yake. Abiria hustarehe, lakini viungo vyake ni vingi na huchoka kwa mawe. Land Cruiser pikapu, ile iitwayo 79 tangu mwaka 1999, ina mhimili mzima wa chuma mbele na nyuma. Ni nzito, ni ngumu, huchosha mgongo, nayo hustahimili mapigo. Bei yake ni kubwa hata ikiwa kuukuu, na kiu yake ni kubwa vilevile.

Ziko nyingine njema: Mitsubishi L200, Isuzu D-Max, Nissan Navara. Hatuzidharau. Lakini kabla ya kuchukua mojawapo, mtu aende kwanza Goma kwa wauza spea, aulize bei ya vitu vitano: klachi, rejeta, nozeli moja, springi ya nyuma na bearingi za magurudumu. Vitu vikipatikana siku ile ile, vema. Akiambiwa, “Tutaagiza Kampala au Dubai,” ajue kwamba gari litalala majuma mengi likingoja, na viazi havingoji.

Kuhusu kabini, wengi hupenda ile ya milango minne, kwa kuwa jamaa huketi ndani kwa heshima. Lakini sanduku la Hilux ya kabini moja lina urefu wa mita 2.3 hivi, na la kabini mbili mita 1.5 tu. Anayenunua gari kwa kazi anunue sanduku. Anayenunua kwa arusi anunue kabini.

Matairi kwanza, mapambo baadaye

Twawaonya wanunuzi juu ya ile desturi ya kutia rangi mpya, taa sita mbele na redio kubwa, huku magurudumu yamevaa matairi yaliyokwisha. Katika tope gari lote hushika ardhi kwa vipande vinne vya mpira, kila kimoja kikiwa na upana kama wa kiganja au viwili. Magurudumu manne yenye matairi ya upara hushindwa na magurudumu mawili yenye matairi mema.

Kwa vilima vya Masisi twapendelea tairi lenye meno makubwa yaliyoachana, ili tope liruke nje linapozunguka. Kwa mawe ya Goma twapendelea ubavu mnene. Yako matairi yenye sifa zote mbili kwa kiasi, nayo ndiyo yatakayomfaa mtu wa Bweremana. Tazama pia umri wake: ubavuni kuna tarakimu nne, mbili za juma na mbili za mwaka. Tarakimu 2319 maana yake tairi lilitengenezwa juma la 23 la mwaka 2019. Tairi la zamani, hata lenye meno marefu, mpira wake umekauka na hupasuka. Na tairi la akiba liwe tairi kweli. Pamoja nalo pawepo jeki, ubao mpana wa kuwekea jeki juu ya tope, sepetu, panga, na kamba imara ya kuvutia.

Mzigo na roho za watu

Pikapu hizi hubeba karibu tani moja, na katika tani hiyo wamo pia watu walioketi. Tufanye hesabu. Dereva na wenzake wawili ni kilo 200 hivi. Zabaki kilo 800, yaani magunia manane ya kilo 100. Lakini sote tumeona pikapu zenye magunia ishirini, na juu ya magunia watu kumi na watano, na juu ya watu kuku na baiskeli. Gari lililojazwa hivyo huinuka mbele, usukani huwa mwepesi, breki hazitoshi, na kwenye mteremko wa upande hupinduka kama mtungi.

Tusisahau yaliyotokea karibu nasi. Tarehe 3 Oktoba 2024 mashua iliyotoka Minova ilizama mbele ya bandari ya Kituku, Goma, ikiwa imebakiza mwendo mdogo kufika. Ilijaa watu na mizigo kupita kiasi, kwa kuwa vita vilikuwa vimewaondoa watu barabarani na kuwatupa ziwani. Makumi walikufa mbele ya macho ya ndugu zao. Kosa la kujaza ni lile lile, iwe majini au mlimani.

Na mito nayo iogopwe. Tarehe 4 Mei 2023, katika Kalehe, mbele ya Minova kwenye barabara hii hii ya ziwani, mito ilifurika ikaifunika Bushushu na Nyamukubi, na watu zaidi ya 400 walipoteza maisha. Maji ya kina cha sentimita 60 yaendayo kasi yaweza kuibeba hata pikapu. Dereva mwenye akili hashindani nayo. Huegesha gari, hungoja saa mbili au siku mbili, na hukubali kuitwa mwoga.

Fedha, wenzi na wajane

Mali bila daftari hupotea bila habari. Mwenye kununua asitoe akiba yote kwa bei ya gari. Tunashauri fedha igawanywe mafungu matatu yaliyo sawa: mawili ya kununua, na moja kwa matairi, matengenezo ya mwanzo, karatasi na akiba ya kuharibika. Mtu asiye na fungu la tatu hana gari. Ana deni lenye magurudumu. Karatasi nazo zichunguzwe: namba iliyogongwa kwenye chasisi ilingane na ile ya carte rose, na anayeuza awe ndiye mwenye jina.

Wengi watanunua kwa kuungana, ndugu watatu au wanachama wa chama cha wakulima. Umoja ni nguvu, lakini umoja usioandikwa huvunjika siku klachi inapoungua. Waandike mapema: nani ana sehemu gani, nani hushika ufunguo, dereva hulipwa nini, na kila safari imeingiza na kutumia kiasi gani. Zaidi ya yote waandike hili: mmoja wao akifa, sehemu yake ni ya mkewe na watoto wake, na mapato yake atapelekewa mjane mkononi. Tumeona mara nyingi jinsi mali ya marehemu inavyochukuliwa na ndugu kabla ya matanga kwisha. Gari ni mali inayokimbia. Bila maandishi litakimbia nyumba ya mjane siku ile ile.

Kuna jambo jingine lisilofaa kufichwa. Mwezi wa Januari 2025 vita vilifika Minova, kisha Sake, kisha Goma, na mabenki ya mji yakafunga milango. Watu wengi walijifunza wakati ule kwamba fedha ya benki yaweza kufungiwa. Wengine wakasema: basi, afadhali kununua gari. Lakini katika vita pikapu ya magurudumu manne ndiyo hutamaniwa kwanza na wenye bunduki, kwa sababu hubeba watu kumi na hupita palipo pabaya. Hata magari ya mashirika ya misaada yameporwa katika Kivu. Asiyeweza kustahimili kulipoteza gari asubuhi moja, bila watoto wake kulala njaa, asilinunue peke yake. Na akilazimishwa na mwenye silaha, atoe ufunguo bila kubishana. Gari hununuliwa tena, baba hanunuliwi.

Wako pia wale ambao hawahitaji kununua kabisa. Mtu mwenye mzigo wa siku moja kwa juma akodi gari la mwingine, na kwa muda wa mwaka mmoja aandike kila alicholipa. Huenda ataona kwamba pikipiki ya kuteremsha mazao hadi barabarani, na chukudu ya kuyafikisha sokoni, zinamwachia faida kubwa kuliko pikapu. Hiyo si aibu. Chukudu haina nozeli.

Neno la mwisho ni la barabara yenyewe

Tukitazama sana, twaona kwamba kinachoua magari yetu si ubovu wa magari, bali maji yaliyokosa pa kwenda. Mfereji wa kando ukiziba, maji huingia barabarani. Yakiingia, udongo hulainika. Lori likipita, huchimba. Na mvua ya pili humalizia kazi. Mifereji hiyo yaweza kuzibuliwa kwa majembe. Watu hamsini wa salongo, wakifanya kazi asubuhi mbili kabla ya mvua za Septemba, huokoa springi, matairi na klachi za gari lolote litakalopita, hata la jirani, hata lile lililombeba mama mjamzito usiku kwenda hospitalini.

Basi, wanunuao na wanunue kwa hesabu, waitazame njia kabla ya kutazama rangi, na wapakie kwa kiasi. Na siku ya salongo wenye pikapu wawe wa kwanza kushika jembe, kwa maana hata gari bora kuliko yote huishia pale barabara inapoishia.